Geuza Tu, Nani Atajua

Jina lake ninalijua. Nimeliandika kwa mkono wangu mara nyingi, kwa rangi nyeupe juu ya kadi nyeusi, herufi kubwakubwa, na kila nikimaliza nilikuwa nalipuliza likauke lisije likachafuka. Humu sitaliandika. Anayelitaka akalitafute kwenye filamu zake. Lipo mwanzoni na lipo tena mwishoni, peke yake, halina mwenzake. Sisi Lushoto tulimwita Bwana Picha, na hilo linamtosha.

Alikuwa Mwingereza, mrefu, mwembamba, mabega yameinama mbele kwa kukaa mezani miaka na miaka. Kazi yake ilikuwa kutengeneza katuni za sinema, enzi ambazo kila picha ilichorwa kwa mkono. Ukitaka mtu wa katuni anyanyue kikombe anywe chai, hiyo si picha moja. Ni picha ishirini na zaidi, kila moja imepishana na mwenzake kidogo sana, halafu zinapigwa kamera moja baada ya nyingine. Nilifanya naye kazi hiyo miaka saba, katika nyumba ya mawe waliyoiacha Wajerumani, nje kidogo ya mji, njia ya kwenda Irente. Miaka mitano nilimheshimu. Miwili iliyobaki nilimchukia, na chuki yenyewe sijaimaliza mpaka leo.

Shingoni alikuwa ananing'iniza saa ya kubonyeza, ile ya waamuzi wa mbio. Siku za soko alikwenda kusimama njiani. Akimwona mama anashuka na mzigo wa kuni au ndizi, anaanza kumfuata nyuma, macho chini, kidole kwenye saa. Siku moja mama mmoja wa huko juu Magamba alichoka kufuatwa, akatua mzigo, akageuka.

"Wanifuata nini, baba? Nimekuibia?"

"Hapana, mama," akasema Bwana Picha kwa Kiswahili chake cha kitabuni. "Mimi ninatazama magoti."

Kufika adhuhuri Lushoto nzima ilikuwa na habari kwamba Mzungu wa nyumba ya mawe anatazama magoti ya wake za watu. Msikitini walisema, kanisani walisema. Yeye hakujua kama kuna lililosemwa. Alirudi nyumbani amefurahi, akachora yale magoti mpaka jua likazama, akasahau kula.

Alijua mwendo wa kila mtu pale mjini, na jina la mtu hakulijua hata moja. Fundi cherehani wa karibu na stendi alikuwa "yule anayevuta mguu wa kulia". Mchungaji alikuwa "yule wa hatua fupi". Kijana wa Bumbuli aliyekuwa anatupigia kamera alimwita Kamera. Mimi aliniita Binti. Mwanzoni nilidhani ananipenda kama mwanawe, nikawa naitika kwa moyo wote.

Mbele ya meza yake kulikuwa na kioo kikubwa cha kujitazamia. Kabla hajachora kitu alikitenda mwenyewe mbele ya kile kioo. Ukipita dirishani ungemwona mtu mzima anapiga chafya kama mbuzi, au amepiga magoti anakama ng'ombe ambaye hayupo. Watoto walikuwa wanakuja kuchungulia, wanakimbia wakipiga kelele, wanarudi tena. Hakuwafukuza. Aliwapa pipi akawaomba wakimbie mara ya pili, polepole, ili aone visigino.

Na sitasema kwamba alikuwa na roho mbaya, kwa sababu ningekuwa nadanganya, na hasira yangu haihitaji uongo. Mwaka mmoja wa mvua kubwa alimbeba mke wa jirani kwenye Land Rover yake mpaka hospitali ya Bumbuli, barabara imekuwa uji wa tope, akalala huko kwenye benchi mpaka mama yule akajifungua salama. Mtoto alipozaliwa wakampa jina la Bwana Picha. Yeye alilisahau. Alipomwona baadaye akasema, "Ooh, yule anayetambaa upande upande!"

Azimio lilipotoka na watu wakaanza kuitana ndugu, alifurahi kuliko sisi. Akatangaza kwamba hataki kuitwa Bwana tena. "Mimi ni ndugu, Binti. Sote ndugu." Nikamwambia sawa, Bwana. Alicheka sana, akamsimulia kila mgeni. Hakuna siku aliyojiuliza ndugu yake anaitwa nani.

Kwao London alianzia chini. Alinisimulia mwenyewe, jioni za baridi, tukinywa chai karibu na moto. Katika kazi ile bwana mkubwa huchora mwanzo wa tendo na mwisho wake: mkono uko mezani, mkono uko mdomoni. Picha zote za katikati, zile zinazoupeleka mkono kutoka mezani hadi mdomoni, wanachora watu wadogo. Yeye alikuwa mtu wa katikati miaka tisa. Alichezesha meno ya matangazo ya dawa ya mswaki, alichezesha mapovu ya sabuni, wakati wa vita alichora filamu za kuwafundisha askari kuosha miguu. Jina lake halikutokea popote. Mkubwa wake alipata sifa kwa sababu ya paka mmoja aliyekuwa anaruka vizuri sana, na yule paka, kuanzia sikio mpaka mkia, alikuwa wa Bwana Picha.

"Nilikaa kwenye sinema na mama yangu," aliniambia. "Nikamwambia, subiri, mama. Jina langu linakuja." Akatazama moto. "Halikuja."

Nilimwonea huruma mpaka machozi yakanilenga. Nakumbuka nilimwongezea chai. Kwa hiyo msije mkaniambia kwamba hakujua anachokifanya. Alijua kinavyouma na mahali kinapouma.

Kwetu ni Mlalo. Nilikuwa nimemaliza shule ya misheni na nimepata nafasi ya kwenda kusomea ualimu wakati Bwana Picha alipokuja kutafuta mtu anayejua kuchora. Uhuru ulikuwa bado mchanga, na idara moja ya serikali ilikuwa imempa kazi ya kutengeneza filamu za elimu. Alituambia tuchore ng'ombe. Wenzangu wote walichora ng'ombe amesimama. Mimi nilimchora anaamka, matako yako juu na miguu ya mbele bado imekunjwa, maana ndivyo ng'ombe anavyoamka, nimewaona kila siku ya Mungu. Bwana Picha akaichukua ile karatasi, akaondoka nayo. Kesho yake alikuja nyumbani kwa baba.

Baba alikuwa mzee wa kanisa na mkulima, mtu wa maneno machache. Hakumpenda tangu mwanzo. Zama za Mwingereza tulilazimishwa kuchimba matuta milimani, wanawake na migongo yao, na asiyechimba alikamatwa. Bwana Picha ndiye aliyechora filamu ya kutuhimiza. Ilipoonyeshwa Mlalo watu waliondoka wote, wakawaachia mbuzi uwanja.

"Huyu si ndiye wa matuta?" baba akaniuliza kwa lugha ya nyumbani, mgeni akiwa amekaa palepale.

"Ndiye, baba. Lakini sasa anafanya kazi ya serikali yetu."

"Na ualimu?"

 Bwana Picha akaniomba nimtafsirie, kisha akasema kwamba binti huyu ana mkono ambao haufundishwi, na kwamba siku moja jina lake litasomwa kwenye sinema, mbele ya watu. Nikatafsiri. Baba akafikiri sana. Akasema, "Jina lake likisomwa, na langu litasomwa nyuma yake." Ndivyo nilivyouacha ualimu. Ile ahadi nilikwenda nayo Lushoto pamoja na sanduku langu.

Filamu yetu ya kwanza ilihusu kuchemsha maji. Mama anashuka mtoni na mtungi kichwani, anapanda, anachemsha, watoto wanapona tumbo. Bwana Picha alichora yule mama akitembea, na pamoja na saa yake na magoti yake yote, mama alitembea kama yuko barabara ya lami Uingereza. Nilimwambia, Bwana, huyu ataanguka. Akaniuliza kwa nini. Sikuweza kueleza kwa maneno. Mtu wa milimani akishuka hashuki na vidole mbele. Anageuza unyayo upande, goti linalegea kidogo kabla ya kukanyaga, kiuno kinabaki nyuma, na shingo haina habari na yote hayo. Nikakaa nikachora picha kumi na mbili. Akazishika mkononi akazipeperusha haraka kwa kidole, kama walivyofanya watu wa kazi ile, na mama wangu akashuka mlima.

Bwana Picha akazipanga upya. Halafu akazipeperusha tena, na tena.

Mwendo ule uliingia kwenye filamu zote tulizofanya baadaye. Ulimpatia ngao ya ushindi huko Ulaya. Gazeti la kwao likaandika kwamba mtaalamu huyu alisoma mwendo wa Waafrika kwa miaka mingi, kwa subira, na saa mkononi. Gazeti lenyewe alinionyesha yeye, na akanisomea kila sentensi, anacheka kwa furaha, ananipigapiga begani. Nami nilicheka. Nilikuwa mjinga bado.

Sasa nieleze neno moja la kazi ile, maana ndilo lililomaliza mambo. Kuchora ni kazi ndefu, na kila mtu huitafutia njia ya mkato. Ukishamchora mtu anakwenda kulia, na unamtaka arudi kushoto, huanzi upya. Unaigeuza karatasi nyuma mbele, unaiweka juu ya meza ya kioo yenye taa chini yake, unaifuatisha mistari kwenye nailoni nyeupe inayopitisha mwanga. Mtu wako anarudi. "Geuza tu, Binti," Bwana Picha alikuwa ananiambia. "Geuza tu. Nani atajua?"

Lakini ukigeuza karatasi, mkono wa kulia unakuwa wa kushoto. Aliyekuwa analima anakuwa analima kwa shoto, hilo si neno. Aliyekuwa anampa mkwewe maji, anampa kwa mkono wa kushoto. Mtoto anamwamkia babu kwa mkono wa kushoto. Watu wanakula kwa mkono wa kushoto. Kwetu, uwe Mwislamu uwe Mlutheri, hayo ni matusi mbele za watu. Bwana Picha alikuwa ameishi Lushoto miaka yote hiyo na hakuwahi kuliona hilo, kwa sababu yeye alitazama magoti. Mimi mwenyewe alinipa vitu kwa kushoto kila siku, nami nikamsamehe kwa kuwa kulia alishika penseli.

Kwa hiyo kila nilipogeuza, nilirekebisha. Nilifuta kikombe nikakihamishia mkono wa pili, nikapindua kiwiko, nikasogeza bega lisionekane limevunjika. Kazi ya siku nzima nikaifanya siku mbili. Sikuambiwa nifanye na sikumwambia nimefanya. Niliona ni adabu tu, kama kumpangusia mzee kiti.

Filamu ya tatu ilihusu kisomo cha watu wazima, na hiyo ndiyo aliyoniambia, "Hii, Binti, uandike na kadi yako." Niliiandika siku mbili. Kadi nyeusi, rangi nyeupe, jina langu, na nyuma yake la baba. Akaitazama, akasema nzuri sana. Nikamwandikia baba barua kwamba gari la sinema litafika Mlalo na jina litakuwepo.

Nilipanda basi nikaenda kuangalia nao. Baba alikuwa amelichukua benchi lake la nyumbani akalibeba mwenyewe mpaka uwanjani, akaliweka mbele kabisa. Alivaa koti la kanisani. Marafiki zake wawili walikaa naye, mmoja kila upande, na wote walikuwa wameshaambiwa. Watu walicheka mahali pa kucheka, wakapiga makofi yule bibi wa katuni alipoandika barua yake ya kwanza. Kisha kiza kikaja juu ya kitambaa, na majina.

Likaja moja. Likakaa. Halafu mwanga mweupe.

Watu wakaanza kuinuka, kukunja mikeka, kuita watoto. Baba hakuinuka. Dereva wa gari la sinema alipokuja kukunja kitambaa, baba akamwita.

"Mwanangu, imekwisha yote?"

"Imekwisha, mzee."

"Hakuna kipande kilichobaki humo ndani?"

"Hakuna, mzee. Ndiyo hiyo."

Akalibeba benchi lake akapanda nalo mlima. Nilimkimbilia nimpokee, akanikatalia kwa kichwa. Hakuniuliza swali, si siku ile wala baadaye. Ila watu hawakosi maneno, na sokoni walimwuliza kwa miezi, "Mzee, lile jina limeonekana?" Hakuiona filamu nyingine. Mvua za masika zilizofuata tulimzika.

Niliporudi Lushoto nilimwuliza Bwana Picha kuhusu kadi yangu. Ilimchukua muda kukumbuka.

"Ooh, ile. Filamu ilizidi kidogo, Binti. Nilihitaji sekunde nne." Akaendelea kuchonga penseli yake. "Watu hawasomi majina. Nani atajua?"

Kadi yenyewe niliikuta wiki ileile chini ya chupa za rangi. Alikuwa anachanganyia rangi juu yake. Kahawia ya udongo ilikuwa imekauka juu ya jina la baba.

Wengine wangeondoka. Mimi nilibaki, na nilibaki kwa makusudi. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeanza kutetemeka asubuhi, akawa anausugua karibu na moto kabla ya kushika penseli, na picha nyingi za mwanzo na mwisho, za bwana mkubwa, akawa ananiachia mimi. Aliona aibu kusema. Nilijua ananihitaji kuliko siku zote, na nilingoja.

Ikaja kazi ya filamu ya kijiji cha ujamaa, kubwa kuliko zote. Nusu ya kwanza wanakijiji wanakwenda shambani pamoja. Nusu ya pili wanarudi: mwenyekiti anampa mkono mzee mgeni, msichana anapiga magoti anampa maji, wanakula chungu kimoja, wanapiga kura kwa kuinua mikono. Bwana Picha aliangalia kazi iliyobaki, akaangalia mkono wake.

"Nusu ya pili geuza, Binti. Yote."

"Yote, Bwana?"

"Geuza tu. Nani atajua?"

Nikageuza. Kwa mara ya kwanza katika miaka saba nikafanya kama nilivyoambiwa, sikuongeza na sikupunguza. Sikuhamisha kikombe hata kimoja. Nilifuatisha mistari yake kwa usafi ambao sijapata kuufikia tena.

Kijana wa kamera aliona. Aliinua nailoni moja akaitazama dirishani.

"Dada, huyu mzee anapokea maji kwa kushoto."

"Bwana kasema igeuzwe."

"Na hawa wanakula hivi?"

"Kasema yote."

Alinitazama. Alikuwa pale Mlalo siku ile, yeye ndiye aliyekuja na gari la sinema kusaidia mashine. Akairudisha nailoni chini ya kamera, akapiga. Hatukulizungumza tena.

Filamu ilipelekwa Uingereza kusafishwa, ikarudi baada ya miezi. Miezi yote hiyo nilikuwa na mdomo, na ningeweza kuufungua. Ilipofika aliitazama ukutani, sisi watatu tu. "Tazama magoti, Binti!" alisema. "Tazama wanavyorudi!" Nikamwambia ni mazuri.

Ilionyeshwa uwanjani Lushoto, mbele ya mgeni rasmi kutoka mkoani na wazee waliokaribishwa viti vya mbele. Nusu ya kwanza walipiga makofi. Ya pili ilipoanza, mwenyekiti wa katuni akamnyooshea mzee mkono wa kushoto, mzee akaupokea kwa kushoto, na watoto wakacheka. Msichana akapiga magoti kwa adabu zote, akatoa maji kwa kushoto. Kicheko kikafa. Walipoanza kula wote, kijiji kizima, mkono wa kushoto unaingia chunguni na wa kushoto unakwenda mdomoni, mzee mmoja wa msikitini alisimama mbele ya mwanga, kivuli chake kikajaa kitambaa kizima.

"Ndiyo ujamaa huu? Tulishane kwa mkono wa chooni?"

Uwanja ukalipuka. Mgeni rasmi aliinuka akaondoka, na waliokuja naye wakasema kwa sauti kwamba Mzungu amewafanyia wakulima dhihaka. Bwana Picha alikuwa ameketi kando yangu, amekuwa mweupe kuliko kawaida yake.

"Wanakasirika nini, Binti? Magoti yana kosa?"

"Magoti hayana kosa, Bwana."

Mkataba wake haukuongezwa. Alifunga masanduku yake, na siku ya kuondoka akanivika ile saa yake shingoni, macho yamemlowa. Niliipokea. Nilikwenda ualimu kwa kuchelewa, na saa ile nimepimia mbio za watoto wa shule miaka mingi. Furaha yangu ilidumu siku tatu. Halafu ikanijia kwamba amekwenda zake bila kujua ni nani aliyempiga, wala kwa ajili ya nini, na ile furaha ikachacha.

Miaka ikapita, ikafika ile ya foleni za sukari. Siku moja mwalimu mkuu akaniambia kuna mzee wa Kizungu amefikia Irente, anaulizia msichana fulani aliyekuwa anachora. "Jina hakulitaja," akasema. "Alisema Binti." Nikamwacha akae siku tatu. Ya nne nilivaa kitenge changu kizuri nikaenda.

Alikuwa barazani, ameweka mkono wa kulia mfukoni. Katika maisha yangu sijapata kumnyima mtu mzima shikamoo. Yeye nilimnyima. Akasimama kwa shida, akaninyooshea mkono wa kushoto, nami nikautazama tu mpaka akaelewa. Akautoa ule wa kulia. Ulikuwa unatetemeka kama jani la mgomba, hauwezi kushika hata kijiko. Nilifurahi. Naandika hivyo hivyo, maana ndivyo ilivyokuwa.

"Nilizitoa zile nailoni za zamani," akasema tulipokaa. "Nikaziweka juu ya meza yenye taa. Kila iliyogeuzwa, mikono imehamishwa. Zote. Ulikuwa unazitengeneza."

"Zote."

"Isipokuwa za mwisho."

"Isipokuwa za mwisho."

"Kwa nini, Binti? Nilikukosea nini?"

Hakumbuki. Nilimtazama usoni nikaona kwa kweli hakumbuki. Basi nikamwambia. Nikamwambia benchi, koti la kanisani, yule dereva, kadi na rangi ya udongo. Nilimwambia na habari ya mama yake aliyeambiwa asubiri. Alisikiliza ameinamisha kichwa. Nilipomaliza akafungua mkoba wake kwa kushoto.

"Kule London wanazitoa upya filamu zangu. Wameniruhusu kuongeza kadi moja. Ndiyo maana nimekuja." Akaweka karatasi kwenye goti, akashika penseli kwa mkono ule ule wa kushoto, akaniinulia macho. "Ile kadi naikumbuka. Jina silikumbuki. Jina lako kamili ni nani?"

Nilikuwa nalo mdomoni. Mungu anajua nilikuwa nalo, langu na la baba nyuma yake, na ningelitamka lingesomwa na watu ambao hawajui hata Mlalo iko wapi. Nikainuka.

"Liko Mlalo," nikamwambia. "Basi la asubuhi linaondoka stendi saa moja. Ukishuka, uliza nyumba ya mzee wa kanisa aliyekuwa na benchi."

Sikudhani angekwenda. Mwisho wa mwezi nilipomtembelea mama, nilimkuta jikoni anapika makande.

"Alikuja yule mgeni wako," akasema.

"Ulimjua ni nani?"

"Nisimjue?" Akapuliza moto. "Alinyoosha kushoto, akaurudisha mwenyewe, akanipa kulia. Unatetemeka, maskini. Nikaupokea kwa mikono yangu miwili. Nikamkalisha kwenye benchi la baba yako."

"Akasemaje?"

"Akasema anataka jina la Binti, alichukue aende nalo kwao. Nikamwambia, Bwana, Mlalo hii kila mlango una binti. Akasema, yule aliyekuwa anachora. Nikamwuliza, basi sema, huyo wako anaitwa nani?"

Akakoroga chungu, akaonja, akaongeza chumvi.

"Halafu, mama?"

"Halafu nini? Alikaa palepale, nami sikumtajia, mpaka basi la kurudi likapiga honi. Nikamfungia mapichesi ale njiani."